Panda Huku, Shukia Kule

“Mzee, turudi tulikotoka, au tupande hapa tushukie kule?”

Kijana aliyetuongoza kwenye michoro ya Kolo aliniuliza hivyo saa tano asubuhi, jua la Kondoa likiwa limeshaanza kuchoma kisogo. Nyuma yetu kulikuwa na kinjia tulichokuja nacho kutoka pale gari lilipoishia. Mbele, jabali lilipanda hadi kwenye mgongo wa kilima. Upande wa pili, alisema, kuna michoro mingine ya wanyama, na kuna njia ya kushukia ambayo yeye anaijua tangu enzi za kuchunga mbuzi. Nilitazama viatu vyangu, nikasema tupande.

Kolo ni kijiji cha Warangi kando ya barabara ya Dodoma–Babati, kaskazini ya mji wa Kondoa. Wageni huja kwa ajili ya michoro ya miambani, ile ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Theluji hakuna. Kilele cha kutishia watu hakuna. Lakini swali la kijana yule ndilo lililowapa wapanda milima baadhi ya siku zao kubwa kuliko zote, na nikiwa nahema juu ya jabali lile nilianza kuzihesabu.

Methali husema mpanda ngazi hushuka. Haisemi ashukie ngazi ipi. Rekodi nyingi za milimani ni za saa ya mkononi: nani kapanda upesi, nani kashuka upesi, nani ana umri mdogo, nani ana umri mkubwa. Kuna aina nyingine ambayo magazeti huipenda kidogo, nayo ni kupanda mgongo mmoja wa mlima, kuvuka kileleni, kisha kushuka kwa mgongo mwingine, yote ndani ya siku moja. Anayerudi alikopitia analijua kila jiwe, ameshalikanyaga asubuhi. Anayevuka huikuta nusu ya pili ya safari akiwa amechoka, jua linazama, na hajui lipi limelegea.

Kwangu mimi siku iliyo juu ya zote ilikuwa Mlima Kenya, mwishoni mwa Julai 1930.

Mlima ule una pembe mbili. Batian ina mita 5,199 na Nelion mita 5,188, yaani tofauti ya urefu wa nyumba ya ghorofa tatu tu, na katikati yake kuna pengo la barafu ambalo Halford Mackinder aliliita Lango la Ukungu. Majina ya vilele ni yake pia, lakini aliyatoa kwa Wamasai: Mbatian aliyekuwa laiboni mkuu, Nelieng nduguye, na Lenana mwanawe, ambaye jina lake lilikwenda kwenye kilele cha tatu. Mackinder alikuja mwaka 1899 na msafara wa watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai 2 wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Tarehe 13 Septemba waliosimama juu ya Batian walikuwa watatu, yeye na waongozaji wawili kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Wale wengine 167 hawamo kwenye orodha ya rekodi, ingawa bila chakula walichokibeba hao watatu wasingefika hata kwenye mawe.

Baada ya hapo karibu miaka 30 ilipita bila mtu kurudi kileleni. Januari 1929 alikuja kijana wa Kiingereza, Eric Shipton, aliyekuwa akijifunza kilimo cha kahawa Nyeri na hajatimiza miaka 22. Yeye na Percy Wyn-Harris walipanda Nelion kwa upande wa kusini mashariki, wakiwa watu wa kwanza kufika hapo, kisha wakateremka Lango la Ukungu na kupanda Batian siku hiyohiyo. Pembe zote mbili kwa siku moja. Ungedhani mlima umekwisha.

Haukwisha, kwa sababu waliupanda na kuushuka kwa upande mmoja. Mwaka uliofuata Shipton alirudi na mlima kahawa mwingine, Bill Tilman wa Sotik, mwanajeshi wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye uzoefu wake wa mwamba ulikuwa mdogo kuliko wa mwenzake. (Samahani, hiyo “mlima kahawa” ni mkulima, si mlima wa kupandwa. Kiswahili kimenitega.) Safari hii waliulenga mgongo wa magharibi wa Batian, mrefu, wenye ncha, wenye barafu upande mmoja na genge upande mwingine. Juu yake imesimama minara ya mawe ambayo wapandaji, kwa desturi ya Kifaransa, huiita askari: yupo Askari Mdogo, yupo Askari Mkubwa. Jina linafaa. Kama wale wa barabarani, wanakusimamisha, wanakuzungusha, na muda wako wanaukata wao.

Waliondoka kungali giza. Kadiri mchana ulivyokwenda ndivyo walivyozidi kupita mahali ambapo kuteremka kungekuwa kugumu kuliko kupanda. Hapo ndipo ninapoipendea siku hii. Mtu mwingine angekuwa amejifungia mlango nyuma yake. Shipton alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma mfukoni: njia ya kusini mashariki aliyoipita mwaka mmoja na nusu kabla. Waliukanyaga Batian alasiri, wakavuka Lango la Ukungu, wakapanda Nelion, wakaanza kushuka magenge yale yanayofahamika, na usiku ukawakuta bado wako kwenye kamba. Walifika chini salama. Ulikuwa uvukaji wa kwanza wa mlima huo kutoka mgongo hadi mgongo, na katika safari hiyo hiyo walipanda kwa mara ya kwanza vilele vidogo kadhaa vya jirani, kama mtu anayechuma kunde akipita shambani.

Ujuzi wa njia ya pili ndio uliowezesha ya kwanza. Nadhani hilo linasemwa mara chache sana tunaposifu ujasiri.

Ollier na Brocherel nilitaka kuwaacha pale kwenye Batian, lakini wana rekodi yao. Miaka saba baada ya Mlima Kenya walikuwa miongoni mwa waongozaji wa Mtawala wa Abruzzi kule Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Tarehe 18 Juni 1906 msafara huo ulifika vilele viwili vya juu vya Mlima Stanley kwa siku moja, Alexandra na Margherita, vilivyopewa majina ya malkia wa Uingereza na wa Italia. Margherita ina mita 5,109. Kwa hiyo watu wawili wa kijiji kimoja cha Alps walikuwa kwenye misafara iliyofungua mlima wa pili na wa tatu kwa urefu barani Afrika. Huo ni mshahara wa kazi ya kuongoza: jina la mwenye fedha linakwenda mbele, lako linakwenda kwenye mabano.

Kwa watakaouliza ulimwenguni kote nani ameunganisha zaidi, jibu lipo Matterhorn, mlima wa mpakani mwa Uswisi na Italia wenye migongo minne. Agosti 1992 Hans Kammerlander na Diego Wellig waliipita yote minne kwa kupanda na kushuka mfululizo, chini ya saa 24. Mlima uleule mmoja, kilele kilekile, mara nne. Naistahi rekodi hiyo kama ninavyomstahi mtu aliyekula sahani nne za ugali kwa mpigo. Sina hakika kama ninamwonea wivu.

Turudi nyumbani, Kilimanjaro, ambako uunganishaji ni jambo la kila siku bila mtu kulishangilia. Anayepanda kwa Marangu hurudi kwa Marangu. Lakini wa Machame, wa Lemosho na wa Umbwe kwa kawaida hushushwa Mweka, njia iliyowekwa kwa ajili ya kuteremka tu. Kwa hiyo maelfu ya watalii kila mwaka huvuka mlima kutoka upande mmoja hadi mwingine, ila kwa siku tano, sita, saba, huku wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, wakiwatangulia na mahema kichwani.

Wenye haraka nao huipenda pea hiyo: Umbwe kupanda, kwa kuwa ni fupi na imesimama kama ukuta, na Mweka kushuka. Kutoka geti la Umbwe hadi Uhuru, mita 5,895, ni zaidi ya mita 4,000 za kupanda, ukianzia kwenye msitu na utelezi wa mizizi. Mhispania Kilian Jornet alipita hivyo Septemba 2010, akatumia saa 7 na dakika 14 kwenda na kurudi. Tarehe 13 Agosti 2014 Karl Egloff wa Ekuado alichukua muda wa saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Kupanda peke yake kulimchukua chini ya saa 5. Mtalii wa kawaida, muda huo hajamaliza msitu wa siku ya kwanza na chakula chake cha mchana. Kwa wanawake, Mbrazili Fernanda Maciel alikwenda na kurudi mwaka 2017 kwa saa 10 na dakika 6. Kabla yao alikuwapo Mwitaliano Bruno Brunod, aliyefika juu mwaka 2001 kwa saa 5, dakika 38 na sekunde 40. Huyu ni mtu wa bonde la Aosta, bonde lilelile la Ollier na Brocherel. Kuna vijiji vimezaliwa kupanda.

Lakini katika hesabu ya Kilimanjaro mtu wangu ni Simon Mtuy wa Mbahe, upande wa Marangu, aliyeanza kama mpagazi kabla ya kuwa mwongozaji. Mwaka 2004 alikwenda na kurudi kwa saa 8 na dakika 27. Halafu Februari 2006 akarudia bila msaada wa mtu yeyote: chakula chake mgongoni mwake, maji yake mgongoni mwake, hakuna wa kumpokea koti wala kumpa chai. Saa 9 na dakika 21. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ni kubwa, nitakuambia ile iliyochelewa.

Kilimanjaro pia ina rekodi ambayo siiamini na bado naipenda. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, walikuwa wameongozwa na Mchaga, Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, sherehe za miaka mia zilipoandaliwa, mzee Lauwo akaonekana yu hai Marangu. Alifariki mwaka 1996, na umri uliotangazwa ni zaidi ya miaka 120. Cheti cha kuzaliwa hakuna, wala hakungeweza kuwapo. Hesabu hiyo ingemfanya kuwa mmoja wa wanadamu walioishi muda mrefu kuliko wote waliowahi kuthibitishwa, na hapo ndipo mkono wangu unapotetemeka kuandika. Ila waliomfahamu walimwamini, na mimi si karani wa vizazi na vifo.

Nyirenda hana mshindani. Luteni Alexander Nyirenda alibeba bendera na mwenge hadi Kibo, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, akavisimamisha juu. Mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini amesimuliwa mpando huo. Muda aliotumia hakuna anayeuliza.

Rekodi ya ukaidi naitoa kwa Ian Howell. Mwaka 1970 aliamua kwamba juu ya Nelion panahitajika kibanda, kwa sababu watu walikuwa wakikamatwa na giza pale kama Shipton na Tilman, wengine bila bahati yao. Vifaa vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis. Kutoka hapo juu hakuna ndege. Howell alivibeba mwenyewe, vipande kwa vipande, akaipanda Nelion mara 13 peke yake, kisha akakijenga. Fikiria fundi wa mabati anayepandisha kila bati kwa mwendo wa mwamba wa siku nzima, halafu akishafika juu anakumbuka misumari. Kibanda hicho bado kinaitwa kwa jina lake, nacho ni kidogo kiasi kwamba humo huwezi kusimama. Waunganishaji wengi wa Batian na Nelion hulala humo, jambo ambalo kwa sheria yangu ya siku moja linawaondoa mashindanoni, lakini sitawalaumu. Nami ningelala.

Mwaka uleule wa 1970, mwezi Septemba, madaktari wawili wa Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian. Walipoanza kushuka jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Kumtoa kulichukua zaidi ya wiki moja. Wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Kenya walipanda na kushuka kwa zamu, helikopta iliyokuja kusaidia ikaanguka na rubani akafa, na mwishowe kikosi cha waokoaji kikasafiri kutoka Innsbruck kuja kumalizia kazi. Judmaier aliishi. Mlima ambao kijana wa Nyeri aliuvuka kwa siku moja uliwashikilia hawa siku zote hizo, na tofauti ilikuwa jiwe moja.

Katikati ya pembe hizo mbili, kuelekea Lango la Ukungu, kulikuwa na mfereji wa barafu ulioitwa Almasi. Waliokuwa wa kwanza kuupanda ni Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge, mwaka 1973. Naitaja kwa sababu ni rekodi isiyoweza kuvunjwa kirahisi tena: barafu ya chini imeyeyuka, na njia yenyewe inaondoka. Vijana wa leo watakimbiza saa ya Egloff. Ya Mathenge watahitaji kwanza wairudishe baridi.

Halafu wapo Waitaliano watatu wa mwaka 1943. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walikuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, na kila asubuhi mawingu yakifunguka waliuona Mlima Kenya. Wakatoroka. Vifaa vya kukwea walikuwa wamevitengeneza kwa siri kutokana na takataka za kambi, na ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Batian iliwashinda, upande wa kaskazini magharibi, Benuzzi na Balletto wakaenda Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakateremka na kuingia tena kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia 7. Kati ya wote niliowataja hawa ndio pekee walioshukia mahali pabaya kuliko walipoanzia, na walijua tangu mwanzo.

Nimekwenda mbali na Kondoa. Mlima mkubwa wa karibu na Kolo ni Hanang, zaidi ya kilomita 50 kaskazini magharibi, wenye urefu unaozidi mita 3,400, mlima wa heshima kwa Wabarbaig. Wenye miguu mizuri huupanda na kuushuka kwa siku moja kutokea Katesh, wengi kwa njia ya Jorodom. Huwezi kuutaja sasa bila tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka mlimani wakati wa mvua hadi mjini Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Siku hiyo mlima ndio ulioshuka. Sina zaidi la kusema juu ya kasi huko.

Juu ya mgongo wa kilima chetu cha Kolo kulikuwa na upepo na mawe yenye joto. Kijana alituonyesha kwa kidole palipo Mungomi, mwamba ambao watu bado huuendea kwa matambiko, kuomba mvua au kumwombea mgonjwa, na akateremsha sauti alipokuwa akieleza. Kwenye miamba ya namna hiyo wametanda binadamu wembamba wekundu, warefu kama vijiti, wenye vichwa vikubwa, na juu ya baadhi yao wamepita wengine weupe waliochorwa baadaye sana. Aliyechora wa kwanza alipandia wapi na kushukia wapi? Kwenye genge moja nilihesabu mahali patatu pa kushika mkono palipong'aa kwa kuguswa, nikaona aibu kwa kuhema.

Tulishuka upande wa pili kama alivyoahidi. Twiga walikuwapo ukutani, na njia ya mbuzi ilikuwapo, ya mbuzi kwelikweli. Saa nane mchana tukafika chini kwenye mchanga wa korongo kavu, nikakaa juu ya jiwe, nikavua kiatu kimoja, na ndipo nilipokumbuka.

“Kijana, gari liko wapi?”

“Liko kulekule, mzee. Tulikoanzia.”

“Sasa?”

“Tunazunguka tu. Nusu saa.”

Ilikuwa saa moja na robo, nikiwa nimeshavaa kiatu kile bila soksi.